Maswali ya wasomaji: Watoto wapewe kazi gani kwenye nyumba ya babu?

SWALI: Marehemu babu yangu alituachia nyumba ya matofali kijijini, upande wa barabara ya Kasenga. Viungo vya kati ya matofali vimeachana, na paa ni la mabamba ya simenti ya enzi za Wabelgiji. Fundi anashauri tuzibe nyufa kwa simenti. Ningependa wanangu, wenye umri wa miaka 7, 10 na 13, washiriki katika likizo ya Julai na Agosti. Niwape kazi gani?
Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, kabla ya kugawa kazi, amua kwanza nyufa zitazibwa kwa kitu gani, kwa kuwa hilo ndilo litakaloamua kama watoto wausogelee ukuta au wakae mbali. Kwaruza kiungo kwa msumari. Kikitoa udongo laini, basi matofali yako huenda ni ya udongo wa kichuguu yaliyounganishwa kwa udongo uleule, kama ilivyo desturi ya huku kwetu. Simenti ni ngumu mno kwa tofali la namna hiyo: huzuia unyevu usitoke, na baada ya misimu kadhaa ya mvua tofali humomonyoka, simenti ikabaki imetokeza kama mbavu. Tena simenti mbichi huchoma ngozi, na chokaa vilevile, ilhali udongo haumchomi mtu.

Ukikubali udongo, kazi ya kweli ipo. Mkubwa achanganye udongo na mchanga kwa vipimo vitatu tofauti, afinyange vidonge vya ukubwa wa kiganja, aandike kipimo juu ya kila kimoja kwa kijiti, kisha aviache kivulini kwa wiki moja. Kilichopasuka kimepungukiwa mchanga; kinachopukutika kikisuguliwa kimezidishiwa. Kipimo kitakachofaulu ndicho fundi akitumie, naye aambiwe hivyo kabla ya kupatana bei, maana mafundi wetu hawapendi kuamriwa na mtoto. Wa pili akanyage udongo kwa miguu, ukishachambuliwa vipande vya chupa. Mdogo alowanishe viungo, kwani tofali la kiangazi hunyonya maji yote ya udongo na kiungo kisishike. Ukuta uliovimba tumbo wasiukaribie mpaka fundi auegemeze kwa miti.

Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hivyo wasiikwangue. Mabamba ya paa nayo mara nyingi yana asbesto, ambayo vumbi lake huweza kuleta saratani miaka mingi baada ya kuvutwa. Yasitobolewe wala kuvunjwa ovyo, na siku yatakapoguswa, watoto wabaki Katuba.