Picha ya mfano ni ya kutazamwa, siyo ya kusagwa

Wiki hii mmeniletea maswali ya picha za mfano tu, yaani zile unazozitazama ukichora sanaa ya pikseli, michoro ya vidoti vya mraba, haya twende.

"Nimepunguza picha ya paka wangu mpaka 32 kwa 32, mbona imekuwa uji?"

Kwa sababu umeisaga. Jamani hili swali nimelijibu mpaka nimechoka! Kanvasi ya 32 kwa 32 ina pikseli 1,024, picha ya simu ina mamilioni, sasa programu ikipunguza inachanganya rangi za jirani, sikio linamezwa na ukuta wa nyuma na jicho linapotea kabisa, maana hapo jicho ni pikseli moja au mbili na kompyuta haijui kama jicho lina maana kuliko zulia. Wewe unajua, ndo kazi yenyewe hiyo. Weka picha pembeni, chora umbo zima kwa rangi moja tu, masikio, mgongo, mkia, ukiona paka endelea, ukiona gunia futa uanze upya. Mario, yule wa kwenye gemu, alipewa kofia na masharubu kwa sababu pikseli hazikutosha kuonyesha nywele na mdomo vizuri, yaani mtu alikaa akaamua, hakusaga picha ya fundi.

"Kwenye Aseprite picha naiweka wapi?"

Aseprite ni programu ya kuchorea pikseli, na picha inakaa kwenye leya ya rejea, yaani tabaka la kuweka picha ya mfano, ipo kwenye menyu ya leya, picha inabaki na ukubwa wake haivunjwi iwe pikseli zako. Krita, programu nyingine ya kuchora, nayo ina kifaa chake cha picha za rejea. Ila kufuatisha mstari kwa mstari juu yake kutakuletea kingo zenye meno, ukimaliza ifiche uangalie mchoro peke yake.

"Rangi nizichukue kwenye picha moja kwa moja?"

Hapana. Utaokota kahawia 40 zinazofanana halafu unishangae mimi. Chagua rangi zako chache kwanza, sita au nane, ndo uangalie picha kujua mwanga unatoka wapi. Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ya 1989, ilikuwa na vivuli vinne tu na watu walitambua kila kitu.

"Mistari yangu ina ukungu."

Tumia penseli siyo brashi laini, ukikuza kuza mara mbili au tatu kamili bila kulainisha, usevu PNG. JPEG achana nayo.

"Naweza kutumia sprite ya mtu, yaani kale kamchoro ka mhusika wa gemu, kama mfano?"

Kuitazama ujifunze alivyoweka kivuli, sawa. Kuinakili pikseli kwa pikseli ukabadilisha rangi ya shati ukaita yako, huo ni wizi na wenye macho wanakuona. Na hizi za kutengenezwa na AI msiniletee kama mfano, zumu uone, mara nyingi pikseli moja kubwa nyingine ndogo, hazikai kwenye gridi, utajifunza makosa ya mashine.

"Picha ngapi zinatosha?"

Tatu, za pembe tofauti.