Mjomba, baa ile haikufunguliwa na serikali

Shikamoo mjomba. Kwenye kundi la familia uliuliza kama ni kweli serikali ya Marekani ndiyo iliyowafungulia mashoga baa hapa New York, maana umesikia iko moja inayotunzwa kama kumbukumbu ya taifa. Wengine walicheka tu wakapita. Mimi nakujibu, kwa sababu nafanya kazi mitaa ile na jambo lenyewe limenigusa.

Baa hiyo ni Stonewall Inn, mtaa wa Christopher, kusini mwa Manhattan. Jengo lilianza kama mabanda ya farasi, likaja kuwa mgahawa. Mwaka 1967 watu wa Mafia, genge la wahalifu, wakaligeuza baa ya mashoga, wakifuata pesa tu. Enzi hizo baa ikijulikana inahudumia mashoga, ilikuwa hatarini kunyang'anywa leseni ya pombe. Jirani na hapo, kwenye baa ya Julius', mwaka 1966 mwanaharakati wa haki za mashoga, Dick Leitsch, na wenzake waliingia, wakasema wazi kwamba wao ni mashoga, wakaomba kinywaji. Mhudumu akaifunika glasi kwa kiganja. Picha ilipigwa na ipo hadi leo.

Stonewall haikuwa na leseni kabisa. Ilijifanya klabu ya wanachama: unachunguliwa kwenye tundu la mlango, kisha unaandika jina kwenye daftari, na wengi waliandika la uongo. Nyuma ya kaunta hapakuwa na maji ya bomba. Glasi ilichovywa kwenye beseni, ikapewa mteja mwingine. Pombe ilichakachuliwa na bei ilikuwa juu. Polisi walikula rushwa na bado walikuja kufanya msako; taa nyeupe zikiwaka ghafla, wanaocheza wanaachiana upesi. Nani anavumilia hayo? Asiye na pengine pa kwenda. Baadhi yao walikuwa vijana waliofukuzwa makwao, wanalala kwenye bustani iliyo mbele ya baa. Watoto wa watu, mjomba. Hapo ndipo roho inaniuma.

Juni 28, 1969, saa saba usiku na ushee, polisi walivamia tena. Safari hii watu hawakutawanyika. Walirusha sarafu, chupa na mawe mpaka polisi wakajifungia ndani ya baa ileile waliyokuja kuivamia, na waliokuwa nje wakang'oa nguzo ya mita ya kulipia maegesho ya magari na kuupiga nayo mlango. Ghasia ziliendelea siku kadhaa. Marsha P. Johnson, Mmarekani mweusi, alikuwa miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele. Mwaka mmoja baadaye waliandamana mchana kweupe, na maandamano ya mashoga ya kila Juni unayoyaona kwenye televisheni yalianzia hapo.

Baa yenyewe ilifungwa mwaka huohuo wa 1969, ikarudi miaka mingi baadaye. Mpaka leo ni biashara ya watu binafsi. Serikali ilikuja nyuma kabisa: Obama alilitangaza eneo hilo kumbukumbu ya taifa mwaka 2016, na mkuu wa polisi wa jiji aliomba radhi mwaka 2019, miaka 50 baada ya msako.

Na usidhani mambo yamekwisha. Februari 2025 idara ya hifadhi za taifa iliwafuta watu waliobadili jinsia kwenye tovuti ya kumbukumbu hiyo, watu walewale waliopigwa virungu pale. Kesho yake bustani ilijaa waandamanaji.