Minki na Fuko

SWALI: Mhariri, minki na fuko wote ni wadogo na wana manyoya meusi laini. Je, ni ndugu?

JIBU: Undugu wao ni wa mbali sana, kwani minki ni wa familia moja na kicheche, nyegere na fisi-maji, ilhali fuko yuko karibu zaidi na kirukanjia. Hata kwa ukubwa hawalingani: fuko wa Ulaya huwa na uzito wa gramu 100 hivi, na minki dume wa Marekani anaweza kupita kilo 1.

Minki huishi kandokando ya mito na maziwa, ambako huogelea akiwinda samaki, vyura, ndege na hata panya wakubwa. Wale waliotoroka mashamba ya manyoya wamechangia sana kupungua kwa panya-maji nchini Uingereza.

Kwangu mimi, fuko ndiye wa ajabu zaidi. Viganja vyake vipana vimegeukia nje, na kila kimoja kina mfupa wa ziada, mithili ya kidole gumba cha pili, unaomsaidia kusukuma udongo. Tena manyoya yake hulala upande wowote, hivyo aweza kurudi kinyumenyume ndani ya handaki bila kukwama. Wakulima humlaumu kwa kula mizizi, lawama ambayo hastahili, kwa kuwa chakula chake kikuu ni nyungunyungu, ambao huwang'ata kichwani wasiweze kutoroka, kisha huwaweka akiba wakiwa hai.