Walimu wapya wa darasa la ubatizo, msimjazie Yesu maneno

Bwana Yesu asifiwe, walimu wangu.

Msimu wa darasa umeanza, nami nimekaa viti vya nyuma kuwasikiliza. Yesu alisema ni rahisi zaidi ngamia kupenya tundu la sindano kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu, na ule mlango wa sindano umerudi. Hakuna mwaka unaopita bila mwalimu mpya kueleza kwamba Yerusalemu palikuwa na kilango kilichoitwa Tundu la Sindano: ngamia anatuliwa mzigo, anapiga magoti, anapita. Wanafunzi wanaandika, na wenye mali wanashusha pumzi. Nawapenda sana ninyi, na kwa sababu hiyo nitasema bila kuzungukazunguka.

1. Kabla ya kueleza mstari, soma unaofuata. Hakuna ushahidi wowote wa enzi za Yesu unaoutaja mlango huo. Hata ukiacha historia, Marko 10 inatosha: wanafunzi walishangaa mno, wakaulizana ni nani basi awezaye kuokoka. Nani angeshtuka hivyo kwa kuambiwa ngamia atapita akipiga magoti? Yesu anawajibu kwamba kwa wanadamu haiwezekani, ila kwa Mungu yote yanawezekana. Ukishaujenga mlango wako, jibu hilo halina kazi tena.

2. Maswali ya Krismasi yajibuni kwa utulivu. Mathayo hakusema mamajusi walikuwa watatu. Zilizo tatu ni zawadi: dhahabu, uvumba na manemane. Tena walimkuta mtoto nyumbani. Hori na wachungaji ni vya Luka. Tarehe 25 Desemba haimo katika Injili yoyote. Kuhusu mwaka, kila msimu yupo anayeuliza, huku darasa zima likicheka, Kristo aliwezaje kuzaliwa Kabla ya Kristo. Msimkaripie, ameuliza vizuri. Mathayo anasema Yesu alizaliwa Herode akiwa mfalme, na wanahistoria wengi wanaweka kifo cha Herode mwaka 4 KK. Hesabu ya miaka tunayoitumia ilianzishwa na mtawa Dionysius Exiguus mwaka 525, naye alikosea kwa miaka kadhaa. Mweleze hivyo tu. Mwanafunzi akija kuyakuta mwenyewe kwenye simu, atajiuliza umemficha nini kingine.

3. Maria Magdalena hakuwa kahaba. Luka 8 inasema alitokwa na pepo saba, akawa miongoni mwa wanawake waliowahudumia Yesu na wanafunzi kwa mali zao. Aliyemuunganisha na yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7, na jambo likaenea, ni Papa Gregori Mkuu katika mahubiri ya mwaka 591. Katika Yohana 20 yeye ndiye anayetumwa kuwapelekea wanafunzi habari za Bwana mfufuka, na hapo ndipo mkae naye muda mrefu.

4. Ndugu za Yesu wametajwa kwa majina katika Marko 6:3: Yakobo, Yose, Yuda na Simoni. Wakatoliki wanafundisha kuwa ni jamaa zake wa karibu. Waorthodoksi, kwamba ni watoto wa Yusufu wa ndoa ya kwanza. Waprotestanti wengi, kwamba ni watoto wa Yusufu na Maria. Fundisha mafundisho ya kanisa lako, kisha uwaeleze ya wengine bila kebehi.

5. Sasa lile lililoniuma. Mama mmoja, mkimya, wa kukaa karibu na mlango, alinyosha mkono huku kidole kingine kikiwa juu ya Marko 15:34. “Mwalimu, kama Yesu ni Mungu, mbona alilia kwamba Mungu amemwacha?” Mwalimu, kijana hodari, alikuwa amelingoja swali hilo. Akaeleza kwamba hayo ni maneno ya kwanza ya Zaburi ya 22, na kwamba zaburi hiyo inaishia kwenye sifa. Akaingia Mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451, mkutano mkuu wa maaskofu uliofundisha Uungu na ubinadamu wa Yesu katika nafsi moja, ubao ukajaa. Hakukosea hata neno. Yule mama akasema, “Asante, mwalimu,” akafunga Biblia yake, na muda wote uliobaki hakuifungua tena.

Baada ya kipindi nilimkuta akipanga viti. Nikamuuliza kama amejibiwa. Akasema mumewe ni mgonjwa wa muda mrefu, kila usiku anaomba, na kila asubuhi hali ni ile ile. “Nilitaka kujua tu, yeye alipolia vile, alijibiwa palepale?”

Nilimwita mwalimu, tukakaa watatu na kuisoma sura kuanzia juu, polepole. Katika Marko sauti inatoka mbinguni Yesu anapobatizwa, inatoka tena mlimani anapogeuka sura. Msalabani haitoki. Anayesikika ni mtu aliyedhani Yesu anamwita Eliya, anayekimbia na sifongo ya siki. Yesu anakata roho. Sabato inapita. Mama yule alisoma mistari ile mara mbili, kisha akasema, “Kumbe na yeye alingoja.” Mwalimu alifungua mdomo aongeze kitu, nikamgusa mkono.

Zaburi ya 22 ni jibu sahihi, na Kalkedoni ni imani yetu. Siku yake ingefika, na ilifika. Lakini ninyi mnakimbilia ubao kabla hamjajua anayeuliza amesimama wapi. Mwanasheria alipouliza “Jirani yangu ni nani?”, Yesu alimsimulia habari za Msamaria, kisha akamrudishia swali. Nanyi ulizeni kwanza: limekujiaje swali hili?

6. Sala ya Bwana iko ndefu katika Mathayo 6 na fupi katika Luka 11. Maneno “kwa kuwa ufalme ni wako” hayamo katika nakala za kale zaidi za Mathayo, kwa hiyo acheni kusema eti kuna kanisa lililoyakata.

7. Usilolijua, sema hulijui, na wiki ijayo uje na jibu. Mwana mwenyewe, katika Marko 13:32, alisema haijui siku ile ya mwisho.

8. Jumapili ijayo ni Luka 15, mfano wa mwana mpotevu. Mwaka jana wawili wenu mlimwingiza yule kaka mkubwa ndani, mkamkalisha mezani, mkawapatanisha. Luka hakuandika hayo. Baba anatoka kumsihi, anasema neno lake la mwisho, na hatuambiwi kama mwana aliingia. Mwacheni hapo hapo nje, muwaulize wanafunzi wao wangefanya nini, kisha msiwaharakishe kujibu.