Seoul, Busan au mji mdogo? Kabla ya kwenda Korea kufundisha, uliza mtaa

Ukipewa kazi ya kufundisha Kiingereza Korea, usianze na mshahara. Uliza shule iko mtaa gani, chumba chako kiko mtaa gani, na kutoka hapo hadi kituo cha treni ni dakika ngapi kwa miguu. Mimi sikuuliza. Nilisaini mkataba nikiwa Ottawa mwaka 2022. Wakala alikuwa ameniandikia "karibu na Seoul", na hayo maneno yakanitosha.

Karibu na Seoul ilikuwa Gimpo. Ukiangalia ramani hawakudanganya, Gimpo imepakana na Seoul upande wa magharibi. Lakini shule na chumba changu vilikuwa kwenye mtaa mpya wa maghorofa, na njia yangu ya kutokea ilikuwa treni ya Gold Line, iliyofunguliwa mwaka 2019, yenye mabehewa 2 tu. Mabehewa 2, na mji mzima unakwenda kazini Seoul. Asubuhi mnabanana hadi ukiinua mkono kushika bomba, kuushusha tena ni kazi. Kutoka mlangoni kwangu hadi Itaewon, kwenye Msikiti Mkuu wa Seoul na maduka ya nyama halali, ilikuwa saa moja na nusu na kubadilisha treni mara 2. Nilikwenda kila Jumamosi, nikanunua kuku wa wiki nzima, nikawafunga kwa mifuko ya barafu na kurudi nimewapakata. Mwezi wa kwanza niliona ni matembezi. Kufika mwezi wa nne nilikuwa nakula wali na mayai siku 5 mfululizo kwa sababu Jumamosi ilinikuta sina nguvu ya kutoka kitandani.

Gimpo yenyewe haina ubaya. Mwenzangu mmoja kutoka Afrika Kusini alikuwa huko na mume na mtoto mdogo, na alipapenda sana: bustani kubwa, njia za baiskeli, utulivu, mtoto anacheza nje hadi magharibi. Mji ulimfaa yeye, mimi haukunifaa, na mkataba ulikuwa mmoja.

Kuhama nako si rahisi. Viza ya E-2, ambayo walimu wengi wa Kiingereza huingia nayo, imefungamana na mwajiri wako. Ukitaka kwenda shule nyingine kabla ya mkataba kuisha, unahitaji barua ya mwajiri huyo ya kukuachilia, na si kila mwajiri huitoa. Isitoshe, anayemaliza mwaka hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mmoja, kwa hiyo ukiondoka baada ya miezi 9 umekiacha nyuma. Nilikuwa nalipwa won 2,300,000 kwa mwezi, na chumba kililipiwa na shule. Nilivumilia hadi mwisho. Ndiyo maana nasema mji uchague vizuri kabla ya kalamu kugusa karatasi, maana utakaa nao mwaka mzima.

Kwanza lakini niseme jambo ambalo ndugu zetu wanaliwa pesa kwa sababu yake. E-2 ya kufundisha Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda haimo, hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu chekechea na una digrii ya lugha hiyo. Naona ni dhuluma, nimefundishwa Kiingereza na Wakenya wanaokijua kuliko wengi niliowakuta Korea. Lakini ndiyo sheria. Wakala akikwambia ana njia ya kukupitisha kwa pasipoti ya Kenya ukimtumia ada, usimtumie hata shilingi. Mimi nilipita kwa sababu wazazi wangu walitutoa Mombasa nikiwa na miaka 8, nikasomea Kanada na kupata uraia. Haya ninayoandika ni ya ndugu wa Toronto, Minneapolis, London na kwingineko walio na pasipoti hizo.

Sasa, kabla ya mji, chagua aina ya shule, kwa sababu ndiyo inayoamua siku yako inakwendaje. EPIK ni mpango wa serikali ulioanza mwaka 1995. Unafundisha shule za umma, unaingia asubuhi na kutoka alasiri, vipindi 22 kwa wiki, likizo ni nzuri. Ila mji unauomba tu. Unaandika unapenda Busan, wao wanaweza kukupeleka mkoa mwingine, na mara nyingi shule hasa unaijua ukiwa umeshafika. Hagwon ni shule binafsi za tuisheni. Huko unaijua shule, unaujua mtaa, unaweza kukataa. Kazi ni nyingi zaidi na likizo ni chache. Kama kuna kitu usichoweza kuishi bila kukikaribia, iwe msikiti, kanisa, hospitali au ndugu, hagwon inakupa nafasi ya kuchagua hata barabara. Wengi watakushauri kinyume na mimi hapa, nawaelewa. Mimi nilichagua hagwon mara ya pili pia, na sababu ilikuwa mtaa.

Saa za hagwon zilinipa na faida moja ambayo sikuitarajia. Nilikuwa naanza saa 7 mchana na kumaliza saa 3 usiku. Korea iko mbele ya Mombasa kwa saa 6. Angalia basi: saa ya ukutani darasani ikionyesha 9 usiku, Mombasa ni alasiri, na bibi yangu pale Kuze akiulizwa atasema ni saa tisa. Namba aliyoitaja bibi ndiyo namba niliyoiona ukutani. Kila saa, kila siku. Sikuwahi kupiga hesabu. Nilifuta ubao, nikatazama ukuta, nikajua hajaingia bado kuswali alasiri, nikampigia simu nikitembea kuelekea nyumbani.

Seoul nitasema kwa kifupi. Inamfaa anayetaka watu wa kila aina, na dada mwenye nywele kama zangu atapata wasusi Waafrika Itaewon, jambo ambalo kwingine Korea ni la kutafuta kwa tochi. Msikiti Mkuu upo mlimani pale tangu 1976, na mtaa mzima chini yake unanukia viungo. Lakini kazi hazipo Itaewon. Hagwon zimejazana Daechi-dong, Mokdong na Junggye-dong, na kila mojawapo ni safari. Ukitaka Seoul kwa ajili ya Itaewon, shika ramani ya treni, fuata njia namba 6, na uombe kazi kwenye mitaa iliyo juu yake. Vyumba ni vidogo kuliko miji mingine. Mwezi wa 3 na wa 4 kuna vumbi jembamba hewani hadi jua linakuwa rangi ya chai ya maziwa, mwenye pumu alifikirie hilo kwa uzito.

Mwaka 2023 nilihamia Busan, na safari hii niliuliza kila kitu. Kila mtu aliniambia Haeundae. Ni pwani nzuri kweli, maghorofa ya vioo na mchanga mweupe. Nikachukua kazi Hwamyeong, upande wa pili kabisa wa mji, kando ya mto Nakdong, ambako mgeni hana la kwenda kupiga picha. Sababu ni Gimhae. Kutoka Hwamyeong nilipanda njia namba 2 vituo vichache hadi Sasang, nikaingia treni ndogo ya juu inayovuka mto, nikashuka Gimhae. Kule kuna viwanda vingi na wafanyakazi kutoka Uzbekistani, Indonesia, Sri Lanka na Nepal, na soko la Dongsang-dong na vichochoro vyake vimejaa maduka yao. Nyama halali, tui la kopo, iliki, mchele wa basmati. Mkate wa Kiuzbeki ukitoka tanuruni unashikwa kwa kitambaa. Mara ya kwanza nilisimama mbele ya rafu ya bizari nikahisi koo limenikaza. Miezi 12 ya Gimpo ilikuwa imenipa hesabu ya kila kuku.

Na samaki. Samaki rasmi wa jiji la Busan ni godeungeo, jamii ya vibua vyetu, na kila mtaa una mama anayewauza wamelazwa kwenye barafu macho yakiwa bado yanang'aa. Soko la Jagalchi ni kubwa na maarufu, lakini mimi nilinunua kwa mama wa mtaani kwangu. Wageni hufundishwa kuwaita akina mama wa sokoni na mikahawani imo, yaani mama mdogo, dada wa mama. Wiki ya kwanza nilidhani imo wangu ananigombeza. Watu wa Busan huongea kwa sauti ya juu na maneno wanayakata, ukilinganisha na Seoul ni kama ugomvi. Kumbe alikuwa ananiambia samaki wa jana nisimchukue. Akamtumbua wa leo, akampasua mgongoni nilivyomwonyesha kwa kidole, nikampaka kwa tui na ndimu jioni ile.

Sukuma wiki nayo ipo Korea. Itafute supamaketi penye majani ya kufungia nyama, karibu na lettusi. Wao huiita keil na huiuza majani machache kwa pakiti. Nilinunua pakiti 6, na mama wa keshia akauliza nina wageni wangapi wa kuchoma nyama.

Msikiti wa Busan uko karibu na kituo cha Dusil, kwangu ilikuwa kubadilisha treni na kuhesabu dakika 50. Niliikubali hesabu hiyo kwa sababu niliijua kabla ya kusaini. Baridi ya Busan ni nyepesi, theluji ni nadra. Gimpo niliona nyuzi 15 chini ya sifuri, na bili ya gesi ya Januari ya kupasha joto sakafu ilikuwa won 120,000. Upande mbaya wa Busan ni vilima: uliza kama chumba kiko mlimani, kwa sababu ramani haionyeshi ngazi. Na mwisho wa kiangazi kuna tufani, siku hizo hutoki.

Daegu sikuishi, nilikwenda mara nyingi kwa rafiki. Imezungukwa na milima kama chungu, na joto linatulia ndani. Mwaka 1942 lilifika nyuzi 40. Wakorea wenyewe wameupa mji jina la utani la Daefrica, Daegu na Afrika kwa pamoja, na utaliona hata kwenye matangazo ya vinywaji baridi. Mimi liliniuma. Nilimweleza bibi, akasema basi hao hawajafika Mombasa, huku kuna upepo. Ukiliweka hilo kando, Daegu ni mji wa kuweka akiba: kula ni bei nafuu, treni zinafika, na kwa treni ya kasi ya KTX Seoul si mbali. Rafiki yangu alikaa miaka 3 na hakutaka kuondoka.

Miji midogo na vijiji usiviogope, ila jijue. Namfahamu kijana aliyepelekwa na EPIK wilaya moja ya Jeolla Kusini. Basi lilipita kila baada ya saa 2, alifundisha shule 3 tofauti na kulipwa posho kwa hilo. Alijifunza Kikorea hadi akawa anatania na wazee, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiingereza. Mwingine katika mkoa huohuo alirudi kwao baada ya miezi 4 kwa upweke. Kama wewe hukaa sawa ukiwa peke yako Jumapili ya mvua, nenda. Kama sivyo, hata mshahara uongezwe, usiende.

Usikubali picha za chumba cha mfano. Omba video ya chumba utakachopewa, dirisha likiwa limefunguliwa, na uone kona za dari kama kuna ukungu. Uliza ghorofa ya ngapi, kwa sababu vyumba vilivyo nusu chini ya ardhi bado vipo. Uliza dirisha linaelekea wapi. La kusini lina jua wakati wa baridi.

Na omba namba ya mwalimu unayekwenda kushika nafasi yake. Shule ikikataa kukupa, hilo nalo ni jibu. Mpigie mwenyewe, bosi asiwepo, umwache aongee. Mimi mwalimu wa Hwamyeong nilimuuliza swali moja tu lililonisaidia: Jumanne iliyopita, ulipotoka kazini saa 3 usiku, ulikula nini na ulikula wapi? Akafikiri kidogo, akasema alipita kwa mama mmoja karibu na kituo anayechoma samaki, akakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya jiko, na mama akamwongezea supu. Kesho yake asubuhi nikasaini.