Mgeni Mpe Jembe Siku ya Kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja wa Geita aliniandikia: "Kaka, klabu yetu ya kujitolea imebaki na watu saba, na wanne kati yao ni wa familia moja. Ninyi Dodoma mmefanyaje?" Nilicheka peke yangu dukani. Kabla treni ya kisasa ya SGR kutoka Dar haijaanza kufika huku sisi tulikuwa tisa, na mmoja wa hao tisa alikuwa anafuata chai. Leo tupo thelathini na wanne. Sasa dada yangu, kaa nikusimulie, na nikijisifu kidogo univumilie.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Mtu akinunua kitasa kipya, balbu sita na koki kwa mkupuo, najua huyo kahamia juzi. Tangu mwaka 2016, Serikali iliposema safari hii inahamia Dodoma kweli (uamuzi wenyewe ni wa 1973, wenyeji tulishauzoea kama hadithi ya bibi), nimeuza vitasa visivyo na idadi. Watu wanashuka na magodoro kutoka Dar, wanapanga Kisasa, Ilazo, Nzuguni. Asubuhi wanakwenda kazini Mtumba, kwenye mji wa Serikali, jioni wanajifungia ndani kwa sababu hawamjui mtu.

Nikasema kikaoni: jamani, hawa ndio wanachama wetu. Mwenyekiti wa wakati ule akanijibu mbele ya wote, "Hao wapita njia, Ijumaa jioni wako barabarani kurudi kwa wake zao." Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile ninacho mpaka leo. Uchaguzi uliofuata nikanyang'anywa na ukatibu.

Nikaamua kuwaonyesha. Nilichapisha kadi 150 za mwaliko kwa hela yangu, nikazigawa mwenyewe kwenye maofisi. Wakaja wawili. Wawili! Tukawakalisha mbele, tukawapigia makofi, kisha tukawasomea muhtasari wa kikao kilichopita kwa muda wa saa nzima na ushee. Mmoja hakurudi tena. Wa pili, dada mhasibu, alivumilia wiki nne, na kila wiki tukimtambulisha upya kama "mgeni wetu". Ya tano hakuja. Nilimkuta sokoni Majengo nikamuuliza kulikoni, akanijibu kwa upole: "Kaka, mlinikaribisha vizuri mno, ila hakuna aliyenipa kazi."

Niliumia, maana alisema kweli. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulifika wiki ya nne jembe lingali stoo.

Na yule mwenyekiti, nakiri kwa shingo upande, alikuwa na nusu ya ukweli. Vikao vyetu vilikuwa Jumamosi saa kumi jioni. Jumamosi mtumishi aliyeacha familia Dar hayupo, na tangu Julai 2024, SGR ilipoanza kufika Dodoma, ndio kabisa: Ijumaa anatoka ofisini na begi mgongoni, na usiku huohuo anakula kwake. Tulikuwa tunamlaumu mtu kwa kukosa siku ambayo hayupo mjini. Tukahamishia vikao Jumatano saa kumi na mbili jioni. Ukiniuliza kilichotuongezea watu kuliko vyote, ni hiyo Jumatano.

Cha pili ni jembe. Tulipoandaa siku ya kuchangia damu nilimfuata yule dada mhasibu, nikamkabidhi orodha yote, aiendeshe anavyotaka. Alikuja na wenzake kumi na mmoja wa ofisini kwake. Yeye ndiye aliyewaeleza kwamba mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke miezi minne, akapanga na zamu za kurudi. Mimi kazi yangu siku ile ilikuwa kubeba soda. Wageni waliokuja na mgeni mwenzao hawakuhitaji kadi yangu hata moja.

Cha tatu, usianze kumweleza mgeni historia ya klabu. Muulize anatafuta nini. Atakuambia fundi bomba, shule ya mtoto, mahali pa kusali, mtu wa kumletea maji yasiyo na chumvi. Mwunganishe na mwanachama anayejua, siku hiyohiyo, simu kwa simu. Ada tunaisahau kwa miezi mitatu ya mwanzo.

Tena hili si jipya. Rotary, klabu ya kujitolea inayojulikana dunia nzima, aliianzisha mtu wa kuja. Paul Harris, mwanasheria aliyekulia mji mdogo, alihamia Chicago mwaka 1896 akawa mpweke katikati ya umati. Tarehe 23 Februari 1905 akakutana na wenzake watatu: mhandisi wa madini, muuza makaa ya mawe na fundi cherehani. Walikuwa wakizungukiana ofisini kwa zamu, na jina likatokana na huko kuzunguka. Siku hizi nasi tunazungukiana; mwezi uliopita tulikaa dukani kwangu, juu ya mifuko ya saruji.

Kwa hiyo wewe unayelalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajitolei, jiulize mara ya mwisho umemkabidhi nani ufunguo. Wazee wa klabu tunapenda sana kukaribisha na tunachukia sana kukabidhi. Tunataka watu waje watushangilie! Nasema tunataka, maana nami nimo.

Jumatano iliyopita yule mwenyekiti wa zamani alirudi. Alisimama mlangoni, akatazama viti vimejaa, akaniuliza akae wapi. Nilikuwa nimeandaa maneno, nayajua kwa moyo. Badala yake nikampa daftari la mahudhurio na kalamu, nikamwambia, "Mzee, waandike wageni." Aliandika majina manane, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.