Kuvu moja tu kwenye kila sahani

Unatafuta kuvu zinazoishi ndani ya majani yasiyo na ugonjwa, umeyatakasa kwa nje, ukayaweka kwenye agari (jeli ya kuoteshea kuvu), na kila sahani imejaa kuvu ileile ya kijani? Usiamue bado kwamba ndani ya jani mna spishi moja. Kwanza, gandamiza kipande kilichotakaswa kwenye agari tupu kwa dakika 1, kisha kiondoe. Kitu kikiota hapo, kimetoka juu ya jani. Hapo rudia kutakasa: ethanoli ya asilimia 70 dakika 1, sodiamu hipokloraiti (dawa ya klorini) ya asilimia 2 dakika 2 hadi 3, ethanoli tena sekunde 30, halafu maji yaliyotakaswa. Kwa majani laini punguza muda, la sivyo klorini inapenya na kuua hicho hicho unachokitafuta.

Pasipoota kitu kwenye agari hiyo, basi huenda tatizo ni ushindani: kuvu inayokua haraka inazifunika nyingine. Kata vipande vya milimita 2 au chini ya hapo, kila kimoja kwenye chombo chake, na uongeze kloramfenikoli kuzuia bakteria. Usitupe sahani baada ya wiki moja (kosa la wengi). Baadhi ya kuvu huchomoza baada ya wiki kadhaa.

Tumia majani yaliyokomaa. Kwenye miti mingi spora (chembe za uzazi za kuvu) huingia kutoka nje kwa mvua na upepo, kwa hiyo jani changa huwa karibu tupu. Nyasi zenye Epichloë (kuvu zinazoishi ndani ya nyasi) ni kinyume, maana nyingi kati ya kuvu hizo hupitia kwenye mbegu.

Kuvu zisizotoa spora, tambua kwa DNA ya eneo la ITS (sehemu ya DNA inayotumika kutofautisha spishi za kuvu).